Kabla hujapiga Windows upya: programu ya hesabu imegoma baada ya kupandisha toleo, na daftari la wanachama bado limo humo ndani

Mwanzilishi wa uzi, Mbeya

Ndugu wanajukwaa, poleni na majukumu.

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Mwanjelwa, na sehemu kubwa ya kazi yangu inatoka kwenye ofisi ndogo: vyama vya akiba na mikopo, maduka ya pembejeo, shule na zahanati za Rungwe, Mbarali na Mbozi. Tangu msaada wa Windows 10 ulipokoma tarehe 14 Oktoba 2025, naletewa mara kwa mara mashine zilizopandishwa toleo zikiwa na malalamiko ya aina moja, kwamba kompyuta inawaka vizuri, intaneti inashika, ila programu ya hesabu iliyotumika zaidi ya miaka kumi haifunguki. Mara nyingi mwenye mashine ameshaambiwa na mtu kwamba dawa ni kupiga Windows upya. Nafungua uzi huu kuwasihi mafundi wenzangu na watunza hesabu wasiukubali ushauri huo kwa haraka, kwa sababu nimeshaona jinsi ulivyobakiza kidogo tu kufuta akiba za wakulima.

Kisa chenyewe ni cha chama kimoja upande wa Rungwe, ambacho sitakitaja jina. Programu yao ya daftari la wanachama iliandikwa kwa Visual Basic 6, lugha ya zamani ya kuandikia programu, na kijana ambaye siku hizi hapatikani, na kumbukumbu zote za hisa, akiba na mikopo zimo kwenye faili moja la Access, programu ya hifadhidata ya Microsoft, lenye mwisho wa .mdb. Ilianzia kwenye Windows XP, mwaka 2012 ikahamishiwa kwenye mashine ya Windows 7, ikaendelea kufanya kazi bila mtu kuigusa. Siku mashine ilipopandishwa kwenda Windows 10, aliyepandisha aliona ni vema aondoe na Office ya zamani ili aweke mpya. Kesho yake asubuhi, wanachama wakiwa wamejibanza barazani kwa mvua ya Tukuyu wakisubiri fedha zao, programu ikatoa kosa namba 339 likisema kwamba kijenzi MSCOMCTL.OCX hakikusajiliwa sawasawa au faili lake halipo.

Hapa ndipo watu wengi wanapotamka kwamba programu imekufa. Haijafa. Programu ya namna hii haibebi kila kitu chake yenyewe, bali inaazima: orodha zenye safu inaziazima kwenye kijenzi kimoja, kalenda kwenye kingine, na kazi ya kusoma hifadhidata inaiachia injini ya Jet. Vijenzi hivyo huwekwa kwenye mashine na programu mbalimbali, na kila kimoja lazima kiandikishwe kwenye rejesta ya Windows ndipo kiitike kinapoitwa. Katika kisa hiki MSCOMCTL.OCX kilikuwa kimeletwa na Office ya zamani, na Office ilipoondolewa kikaondoka nayo, wala hakuna aliyejua kwamba daftari la wakulima lilikuwa likikiegemea.

Kukirudisha si kazi kubwa ukijua pa kukiweka. Kwenye Windows ya biti 64, yaani aina ya sasa inayoendesha pia programu za zamani za biti 32, folda ya System32 ndiyo yenye vijenzi vya biti 64, na folda ya SysWOW64 ndiyo yenye vijenzi vya biti 32, ingawa majina yanamfanya mtu afikiri kinyume. Programu za Visual Basic 6 zote ni za biti 32. Kwa hiyo faili linawekwa ndani ya SysWOW64, kisha dirisha la amri linafunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi na kuandikwa amri hii: C:\Windows\SysWOW64\regsvr32.exe C:\Windows\SysWOW64\MSCOMCTL.OCX. Faili lenyewe litoke kwenye diski ya awali ya programu au kwenye mashine nyingine ya ofisi inayoendesha programu ileile. Msilipakue kwenye tovuti zinazogawa faili za DLL kwa kila anayepita, kwani huko unaweza kuleta kirusi kwenye mashine yenye fedha za watu. Ikumbukwe kwamba kijenzi hiki kiliwahi kuwa na tundu la usalama lililotumiwa na wavamizi, na Aprili 2012 Microsoft ilitoa rekebisho lililojulikana kama MS12-027 kwa ajili yake. Baada ya rekebisho lile baadhi ya programu za zamani zilianza kutoa makosa hadi kijenzi kiliposajiliwa upya, kwa hiyo si lazima kupandisha Windows nzima ndipo jambo hili litokee. Hata sasisho moja linatosha.

Basi nikasajili kijenzi. Programu ikaanza kufunguka kisha ikakataa kuandika, nami nikafanya kile ambacho mafundi wengi tunakifanya bila kufikiri: nikabofya kitufe cha kulia na kuiendesha kwa mamlaka ya msimamizi. Ikafunguka moja kwa moja. Mama mtunza hesabu akakaa, akaita jina la mwanachama wa kwanza, akanyamaza. Kisha akasema, "Mwanangu, huyu mzee ameshamaliza mkopo huu zamani, na huyu anayefuata tulimzika." Akiba zote zilikuwa za mwaka 2012. Kila kilichoingizwa baada ya hapo kilikuwa hakionekani.

Naomba mnisome kwa makini hapa, kwa sababu ndipo ulipo uzito wa uzi huu. Kuanzia Windows Vista, iliyoanza kuuzwa kwa umma Januari 2007, programu huendeshwa kwa mamlaka ya mtumiaji wa kawaida, asiyeruhusiwa kuandika ndani ya folda ya Program Files, hata kama akaunti ni ya msimamizi. Programu za zamani hazikujua sheria hiyo, kwani enzi za XP nyingi ziliweka hifadhidata palepale zilipowekwa zenyewe. Ili zisigome zote kwa mpigo, Windows iliwekewa ujanja wa kuzisaidia: programu ya biti 32 ya aina hiyo inapojaribu kuandika ndani ya Program Files, Windows inatengeneza nakala ya faili kwenye folda iliyofichwa ya mtumiaji husika, iitwayo VirtualStore, na kuanzia hapo programu inasoma na kuandika kwenye nakala hiyo huku ikidhani ipo nyumbani kwake. Lakini ukiiendesha kwa mamlaka ya msimamizi, ujanja huo unazimwa, na programu inakwenda kwenye faili halisi lililoachwa Program Files. Kwa chama kile, faili halisi halikuguswa tangu siku lilipowekwa mwaka 2012. Maisha yote ya chama yalikuwa kwenye ile nakala iliyofichwa ndani ya akaunti ya mama yule.

Sasa oneni hatari. Chama kilikuwa na nakala rudufu kwenye flashi, iliyochukuliwa kwa uaminifu kila mwisho wa mwezi, na kila mara aliyenakili alichukua folda ya Program Files. Flashi ile ilikuwa imejaa mwaka 2012 uliorudiwa mara nyingi. Kama mtu angefuata ushauri wa kupiga Windows upya, akafuta diski akiwa na imani kwamba nakala ipo, angekuwa amefuta kumbukumbu pekee iliyokuwepo.

Nilichokifanya ni kuzima programu, kufungua akaunti ya mama mwenyewe, na kutafuta kwenye diski nzima kila faili lenye mwisho wa .mdb, pamoja na yaliyofichwa, nikiyapanga kwa tarehe ya kubadilishwa. La jana yake lilikuwa C:\Users, ndani ya jina la akaunti, kisha AppData, Local, VirtualStore, Program Files (x86). Nililinakili mara mbili kwenye diski mbili tofauti kabla ya kulifungua. Baadaye programu nzima na faili hilo nikazihamishia kwenye folda nje ya Program Files, nikawapa watumiaji wa kawaida ruhusa ya kuandika humo, na nikarekebisha njia ya hifadhidata kwenye faili la mipangilio. Mchana ule wanachama walihudumiwa.

Mwenye tatizo la namna hii alieleze hapa, akiandika maneno ya kosa kama yalivyo kwenye skrini.

Mchangiaji, Iringa

Ahsante sana ndugu mwanzilishi. Hilo la VirtualStore sikulijua, na sasa naelewa ni kwa nini duka moja la pembejeo hapa Kihesa lilikuwa na watumishi wawili kwenye kompyuta moja, kila mmoja akiona stoo tofauti kwenye programu ileile. Tuliwashuku watu bure.

Nina swali. Ofisi ninayoihudumia ina programu ya mishahara ya zama za DOS, mfumo wa kabla ya Windows, ile ya skrini ya bluu isiyotumia kipanya. Ilikuwa ikifanya kazi kwenye Windows 10, lakini mashine mpya yenye Windows 11 inasema programu haiwezi kuendeshwa kwenye kompyuta hii. Je, kuna kijenzi cha kusajili?

Mwanzilishi wa uzi, Mbeya

Ndugu wa Iringa, kwa hili hakuna cha kusajili. Bila shaka Windows 10 yenu ilikuwa ya biti 32, kwani Windows ya biti 64 haiendeshi programu za DOS wala zile za biti 16 za enzi za Windows 3.1. Windows 11 hutolewa kwa biti 64 pekee, kwa hiyo mlango huo umefungwa. Jihadharini pia na jambo linalofanana nalo: zipo programu za biti 32 ambazo zenyewe zingefanya kazi, ila kisakinishi chake ni cha biti 16, na mtu akiona kisakinishi kimekataa anahukumu programu nzima.

Kwenu nashauri njia mbili. Ya kwanza ni kuendesha programu hiyo ndani ya DOSBox au vDos, programu zinazoiga mazingira ya DOS, na kati ya hizo mbili vDos inafaa zaidi kwa kazi za ofisi, kwa sababu ilitengenezwa kwa ajili ya programu za hesabu na inajua kupeleka karatasi kwenye printa za leo. Ya pili ni kuweka VirtualBox, programu inayoigiza kompyuta nyingine ndani ya kompyuta yako, na ndani yake Windows ya biti 32, programu ikakaa humo kama ilivyozoea, bila kuunganishwa na intaneti. Na kama data zipo kwenye faili za .dbf, jueni kwamba LibreOffice Calc inazifungua, kwa hiyo hata programu ikikataa kabisa, majina na tarakimu za wafanyakazi mnaweza kuzisoma leo hii. Fungueni nakala, msifungue faili lenyewe.

Mchangiaji, Mafinga

Naongezea kidogo. Kwenye ofisi ya mbao huku Mafinga tulikwama kwa programu ya kupima magogo iliyodai .NET Framework 3.5, maktaba ya Microsoft ambayo programu nyingi huiegemea. Kwenye Windows 10 maktaba hiyo huja ikiwa imezimwa, na ukiiwasha inataka kuipakua, wakati bando la ofisi lilikuwa limeisha na mtandao wenyewe ni wa kusuasua. Nimejifunza kwamba faili zake zimo ndani ya flashi ileile ya kusakinishia Windows, kwenye folda ya sources\sxs, na amri ya DISM, ya kuongeza vipengele vya Windows, inaweza kuelekezwa huko bila intaneti. Sharti ni kwamba flashi iwe ya toleo lilelile lililopo kwenye mashine, la sivyo inakataa.

Mchangiaji, Njombe

Sisi shuleni baada ya kupandisha mashine, folda ya matokeo iliyopo kwenye seva ya zamani haionekani tena, na printa iliyoshirikishwa imepotea pia. Kuna fundi ametushauri tuwashe SMB1 kwenye kompyuta zote. Je, ni sahihi?

Mwanzilishi wa uzi, Mbeya

Mwalimu, huyo fundi hajakosea kuhusu chanzo. SMB1 ni lugha ya zamani ya kushirikishana faili, na seva za enzi za Windows Server 2003 haziijui lugha nyingine. Kuanzia toleo la 1709 la mwaka 2017 Windows 10 iliacha kuisakinisha kwa kawaida, na hata ikiwa ipo inaweza kujiondoa yenyewe isipotumika kwa siku 15. Lakini iliondolewa kwa sababu nzito. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilisambaa duniani kwa kupita kwenye udhaifu wa lugha hiyohiyo, kikifunga faili za watu na kudai fidia. Kuiwasha kwenye kompyuta zote za shule ni sawa na kuacha milango yote wazi kwa ajili ya mgeni mmoja. Iwasheni kwenye mashine moja tu, kwa saa zinazotosha kuhamishia matokeo kwenye kompyuta mpya zaidi, kisha izimeni na folda ishirikishwe kutoka huko. Printa nayo iunganishwe upya kupitia kompyuta hiyo mpya.

Mchangiaji, Vwawa

Nimesoma yote kwa heshima, lakini naona tunawabembeleza watu wasiachane na programu zilizopitwa na wakati. Kwa nini chama kisinunue mfumo mpya unaotumia intaneti, mambo ya vijenzi yakaisha?

Mwanzilishi wa uzi, Mbeya

Ndugu wa Vwawa, hoja yako ina nguvu, na chama kile cha Rungwe sasa kinajiandaa kuhama. Lakini mfumo mpya utaanza na nini? Utaanza na salio za wanachama, na salio hizo zinatoka kwenye daftari la zamani. Anayehama kabla ya kujua faili lipi ndilo la kweli atahamisha mwaka 2012 kwenye mfumo wa kisasa, na makosa yake yatakuwa yamechapwa kwa wino mzuri. Pia mkulima wa Kiwira hawezi kuambiwa asubiri mkopo wa mbolea mpaka ofisi ipate fedha za kununua mfumo. Mimi naitibu programu ya zamani ili ofisi ipate muda wa kuhama kwa utulivu.

Kwa mwenye mpango wa kupandisha toleo na hajaanza, ushauri wangu wa kwanza ni kuchukua picha ya diski nzima ilivyo. Microsoft wana programu ndogo ya bure iitwayo Disk2vhd ambayo inageuza diski inayotumika kuwa faili moja, na faili hilo linaweza kuwashwa baadaye ndani ya VirtualBox kama kompyuta kamili, ingawa Windows iliyo humo inaweza kudai kuthibitishwa leseni upya. Picha hiyo inabeba kila kitu, pamoja na vijenzi ambavyo hakuna anayevikumbuka na folda ambazo hakuna anayeziona. Kwa aliyekwisha kupandisha kwa kubakiza faili zake, Windows 10 na 11 humpa siku 10 za kurudi kwenye toleo la nyuma kupitia folda ya Windows.old. Asiifute folda hiyo kwa kutafuta nafasi.

Mchangiaji, Makambako

Shikamoo kaka mwanzilishi. Mimi ni karani wa chama kidogo cha mikopo. Nimefuata maelezo yako tangu asubuhi. Programu yetu ilisema injini ya hifadhidata haikusajiliwa, na tulikuwa tumewekewa Office mpya ya biti 64. Faili letu lina mwisho wa .accdb. Je, nilifungue kwa Access mpya nikalibadilishe?

Mwanzilishi wa uzi, Mbeya

Marahaba dada. Usilibadilishe faili. Programu ya biti 32 haiwezi kupakia kijenzi cha biti 64 ndani yake, na injini inayosoma faili za .accdb mliyoletewa na Office mpya ni ya biti 64. Tangu Office 2019, kisakinishi huweka biti 64 usipochagua vinginevyo. Leseni yenu inaruhusu toleo la biti 32 vilevile. Iondoe hiyo, weka ya biti 32, kisha jaribu. Wale wenye .mdb wana nafuu, kwa kuwa injini ya Jet ya biti 32 bado imo ndani ya Windows yenyewe. Kosa lao huwa ni kuligeuza faili kuwa .accdb kwa Access mpya, kisha programu ya zamani haiwezi kulisoma tena.

Kabla hujaingiza muamala wowote, tazama mpangilio wa tarehe kwenye Windows. Mashine iliyowekwa upya mara nyingi hubaki na mpangilio wa Marekani, mwezi ukitangulia siku. Programu hizi hazitalalamika. Ukiandika 25/03 itaelewa kwamba ni Machi 25, kwa sababu hakuna mwezi wa 25, lakini ukiandika 03/04 kwa maana ya Aprili 3 itaweka Machi 4, na riba itahesabiwa kwa tarehe hiyo.

Mchangiaji, Makambako

Imefunguka kaka, na salio za jana zipo. Lakini mpangilio ulikuwa wa Marekani kama ulivyosema, na kompyuta hii ilipandishwa tarehe 2 ya mwezi uliopita. Tumeingiza marejesho kila siku tangu hapo.

Mwanzilishi wa uzi, Mbeya

Basi marejesho ya kuanzia tarehe 2 hadi 12 ndiyo ya kukaguliwa, isipokuwa siku ambayo namba yake inalingana na namba ya mwezi, kwani hiyo haibadiliki ikigeuzwa. Ya tarehe 13 na kuendelea yamekaa sawa. Ongeza na ya mwezi huu mpaka leo kwa utaratibu huohuo, na tarehe za kukomaa kwa mikopo iliyotolewa katika kipindi hicho, hata kama ilitolewa siku za mwisho wa mwezi. Chukua kitabu cha stakabadhi, nakili faili kwanza, rekebisha mpangilio wa tarehe, kisha pitieni muamala kwa muamala mkiwa watu wawili, mmoja akisoma stakabadhi na mwingine akitazama skrini. Nipo hapa jioni yote, ukikuta muamala msioelewa uandike bila jina la mwanachama.